Kji-saqmaw

Katika lugha ya Wami'kmaq wa mashariki ya Kanada, saqmaw ni kiongozi, na kji- huongeza ukuu. Donald Marshall Mkubwa, fundi wa kupiga plasta kutoka Membertou, kisiwani Cape Breton, na baba wa watoto 13, alikuwa Kji-saqmaw tangu 1964 hadi alipofariki mwaka 1991.

Kumwita "chifu mkuu" ni kumpunja. Masikioni mwetu chifu ni mtu wa serikali: Kenya humwajiri hadi leo, na Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963. Kanada nako wapo machifu wanaochaguliwa kwa taratibu za serikali. Marshall aliongoza Baraza Kuu la Wami'kmaq, ambalo ni kongwe kuliko Kanada yenyewe. Heshima yake haikutoka kwa serikali ya Ottawa.

Na alibeba mzigo mzito. Kifungua mimba wake, Donald Mdogo, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, akasota gerezani miaka 11. Baba huyo aliendelea kuwasimamia watu wake, na mwaka 1986 Siku ya Mikataba, ya kukumbuka mikataba ya Wami'kmaq na Waingereza, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, Oktoba 1, chini ya uongozi wake. Nguvu hiyo inanishangaza. Mwaka 1999 mwanawe huyo huyo alishinda kesi ya uvuvi wa mikunga katika Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa hoja ya mikataba hiyo, ile ya 1760 na 1761.

Magazeti yetu yaandike neno Kji-saqmaw kama lilivyo, kisha yaeleze: kiongozi mkuu wa taifa la Wami'kmaq.