Kifo Chenye Faili: Wasifu wa Vijana wa Vita na Ardhi ya Chai ya Kericho

Nchini Uingereza, wasifu wa kijana aliyefia ndani ya ndege ya mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia umekuwa kama utanzu unaojitegemea. Kikosi cha Bomber Command kilipoteza wanaanga 55,573 kati ya takriban 125,000, wengi wao wakiwa hawajafikisha miaka 25. Ninadai kwamba kinachozaa wasifu hizo si wingi wa vifo wala ushujaa, bali ni makaratasi. Kila safari ya ndege aina ya Lancaster iliandikwa katika daftari la kikosi: namba ya ndege, majina ya wanaanga saba kuanzia rubani hadi mpiga bunduki wa mkiani, na saa ya kuruka. Ndege isiporudi, kamanda alimwandikia mzazi barua. Vita vilipokwisha, maofisa maalumu walizunguka mashamba na makaburi ya Ulaya wakiwatafuta waliopotea. Mwandishi wa leo hukuta nusu ya kazi yake imeshafanywa.

Tukija Kericho nchini Kenya, na Bomet iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi 1992, hatupati kumbukumbu za namna hiyo. Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Jeshi la anga la Uingereza lilisitisha ubaguzi wa rangi katika uandikishaji mwaka 1939, na mamia ya vijana wa Karibiani wakaingia katika ndege. Mmoja wao, Ulric Cross wa Trinidad, aliongoza njia katika safari 80 za mashambulizi, akanusurika, na miaka ya 1967 hadi 1971 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Lakini kijana wa Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, aliyeitwa vitani alielekezwa kwenye King's African Rifles (KAR), au kwenye udereva na upagazi wa jeshi: Ethiopia, Madagaska, Burma. Mtoto wa mlowezi wa Kizungu aliyekulia kwenye vilima hivyohivyo vya Kericho angeweza kuomba kwenda Rhodesia ya Kusini kufundishwa urubani. Jirani yake Mwafrika hakuwa na dirisha la kupeleka ombi kama hilo.

Huenda msomaji akasema kwamba tofauti ni ya maandishi na masimulizi tu. Sikubaliani naye. Askari wa KAR naye aliandikwa: siku ya kujiunga, namba, mshahara, adhabu, pesa alizotuma nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Hapo ndipo ilipo sababu ya pili: karatasi zilikuwepo, ila ziliandikwa kwa ajili ya malipo na nidhamu. Hakuna aliyemtazamia askari huyo kuwa na msomaji.

Tarehe 12 Februari 1944, meli ya wanajeshi ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301. Majina ya wapiga mizinga hao yako kwenye ukumbusho wa Nairobi, na hilo si jambo dogo. Lakini jina lililochongwa ukutani bila barua, bila picha, bila daftari la safari, halimpi mwandishi hata ukurasa mmoja.

Kericho, hata hivyo, ina faili nyingine ya vita, nayo ni ardhi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 zilizokuwa za Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa katika Vita vya Kwanza. Walipanda kitani, bei ikaanguka, mradi ukafa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikipanda chai katika vilima hivyo. Kwa hiyo sehemu ya mashamba ambayo watalii huyapiga picha ilianza kama fidia ya majeraha ya watu wengine. Baada ya 1945 walowezi waliotoka vitani walitengewa tena mashamba nchini Kenya; askari Mwafrika alipewa kiinua mgongo, na wachache nafasi ya mafunzo Kabete. Ni katika hati za viwanja, zaidi kuliko katika makaburi, ndipo ngazi za thamani ya maisha ya askari zinapoonekana waziwazi.

Napendekeza basi mtafiti wa wasifu katika nchi ya chai asikimbilie kuiga mfano wa Kiingereza wa kufuata mtu mmoja tangu shule hadi ajali. Asome hati za ardhi sambamba na daftari za pesa zilizotumwa nyumbani. Kisha aulize majina. Kwa desturi ya Wakipsigis, mtoto anapozaliwa majina ya wahenga huitwa mpaka apige chafya, na jina lililoitwa wakati huo huwa lake: hiyo ndiyo kurenet. Askari aliyekufa Burma huenda hana faili, lakini jina lake huenda liliitwa katika nyumba fulani ya Sotik au Bureti mwaka 1950. Swali la kuuliza familia ni nani aliitwa, na nani alipitwa.