Suti Nyeusi Katikati ya Bahari

Januari 1842 mwandishi Charles Dickens alipanda meli ya Britannia bandarini Liverpool akielekea Marekani. Jina lake lilikuwa limeshavuma pande zote mbili za Atlantiki, lakini umaarufu haukumpatia mahali pazuri pa kulia. Ukumbi wa chakula aliufananisha na gari kubwa la kubebea maiti lililotobolewa madirisha ubavuni. Majokofu hayakuwapo, kwa hiyo meli za abiria za enzi hizo zilibeba kuku, kondoo na hata ng'ombe wa maziwa, na bahari ilipochafuka mlaji alishika meza kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine. Naanza na Britannia kwa sababu wanaosikitika leo kwamba usiku wa suti na magauni marefu unatoweka kwenye meli za kitalii huzungumza kana kwamba desturi hiyo ina umri sawa na tanga. Haina. Mlo rasmi wa baharini ulibuniwa na makampuni yenye nauli za kuuza, na asili yake inaonekana vizuri zaidi kwenye daftari za mahesabu kuliko kwenye vitabu vya adabu.

Mabadiliko yalianza na samani. Mwaka 1871 kampuni ya White Star iliingiza kazini meli ya Oceanic, ikauhamishia ukumbi wa daraja la kwanza katikati ya meli, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo, ikaupanua kutoka ubavu hadi ubavu, na badala ya mabenchi marefu ikampa kila abiria kiti chake. Ukitazama kiti kile unaona jambo lote: mtu aliyebanwa kwenye benchi hawezi kuketi na gauni la hariri wala kuinuka bila kuwasumbua kumi wengine. Miaka 34 baadaye Albert Ballin wa kampuni ya Hamburg-Amerika alienda mbali zaidi. Ndani ya meli ya Amerika aliweka mkahawa wenye jina la Ritz-Carlton, ambamo abiria aliagiza alichotaka kwa saa aliyotaka na kukilipia mbali na nauli, na kazi ya kuupamba alimpa Charles Mewès, aliyekuwa amejenga hoteli ya Ritz jijini Paris. Mshirika wa Mewès, Arthur Davis, aliyesanifu kumbi za meli ya Aquitania ya 1914, alilisema jambo hili waziwazi: abiria wa meli hizi si maharamia, na wanachotaka hasa ni kusahau kwamba wako melini. Wafaransa waliipeleka fikra hiyo hadi mwisho wake. Ukumbi wa kulia wa meli ya Normandie, mwaka 1935, ulikuwa na urefu wa mita 93, kuzidi ule ukumbi wa vioo wa kasri la Versailles, uliwaketisha watu 700, na haukuwa na dirisha hata moja. Mwanga ulitoka kwenye taa, zikiwamo nguzo za vioo vya msanii Lalique. Abiria alilipa fedha nyingi kuvuka bahari, kisha akalishwa mahali ambapo bahari yenyewe haionekani.

Katika kumbi za namna hiyo mavazi yalikuwa sehemu ya samani. Ngazi pana ya kushukia mezani, ambayo meli ya Île de France ya 1927 iliifanya kuwa kivutio chake, haina maana kama anayeshuka amevaa sweta. Ndiyo maana kampuni zilipanga hata mizigo kwa kufuata mlo: makasha yaliyobandikwa karatasi ya kuonyesha kwamba yatahitajika safarini yaliwekwa mahali panapofikika, mengine yakashushwa ngamani. Usiku wa kwanza na wa mwisho hakuna aliyetarajiwa kuvaa rasmi, kwa kuwa nguo zilikuwa bado hazijafunguliwa au zimeshafungwa. Desturi iliyonyenyekea mbele ya wapagazi!

Kazi ya pili ya mlo rasmi ilikuwa kutenganisha watu. Orodha za vyakula vya Titanic za tarehe 14 Aprili 1912 zimehifadhiwa, na ukiziweka pamoja unaiona meli nzima imekatwa kama keki. Jioni ile daraja la kwanza lilianza na chaza, likapita kwenye samaki wa samoni, mwanakondoo, bata na njiwa wa kuchoma, likamalizia na pichi ndani ya jeli. Daraja la pili lilipata, pamoja na mengine, kuku wa bizari kwa wali. Daraja la tatu lilikuwa limekula mlo wake mkuu mchana: supu ya mchele, nyama ya ng'ombe, viazi vya kuchemsha. Jioni likapewa chai, mkate na nyama baridi, na usiku uji. Chakula hicho hakikuwa kibaya. Wengi waliokila hawakuwa wakipata nyama kila siku makwao. Lakini kadi ya daraja la tatu ilikuwa na jambo lisilokuwapo kwenye zile nyingine: maelekezo ya namna ya kulalamikia chakula au utovu wa adabu wa wahudumu. Juu hapakuhitajika maelekezo. Huko tarumbeta ilipigwa kuwakumbusha abiria kwamba muda wa kwenda kuvaa umefika.

Mtu atapinga kwamba matajiri wa zama zile walivaa hivyo hata majumbani mwao, na meli iliwafuata tu. Ni kweli kwa kiasi. Lakini nyumba ya tajiri wa London haikupita Bahari ya Shamu mwezi Agosti. Joto la njia ile liliwalazimisha Waingereza kubuni vazi la ajabu kidogo: suruali nyeusi, shati jeupe, mshipi mpana kiunoni, koti likaachwa chumbani. Kama lengo lingekuwa mazoea ya nyumbani tu, joto lingetosha kuyaua. Yalilindwa kwa sababu yalionyesha nani ni nani, na hilo lilikuwa na uzito zaidi kwenye meli za makoloni. Meli za kampuni ya British India zilizofika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kutoka Bombay zilikuwa na kumbi za juu zilizohudumiwa na Wagoa waliovaa sare nyeupe, huku mamia ya abiria wa sitahani wakisafiri na mikeka na vyakula vyao. Koti jeusi lilikuwa mpaka uliochorwa kwa kitambaa.

Meli za kitalii zilirithi mpaka huo bila kurithi sababu zake. Ballin aliipeleka Augusta Victoria Mediterania Januari 1891 kwa vile wakati wa baridi Atlantiki haikuwa na abiria wa kutosha, na meli iliyofungwa gatini hula fedha bila kurudisha. Biashara hiyo ilibaki ya pembeni hadi ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki Oktoba 1958. Meli zilizokosa abiria wa kwenda mahali ziliwageukia abiria wa kwenda na kurudi, madaraja yakafutwa, na hapo suti ikapata kazi mpya: kumpa karani wa benki wiki moja ya daraja la kwanza. Picha na nahodha, meza ya kudumu, zamu mbili za mlo, vyote vikawa bidhaa. Kampuni ya Carnival ilipoanza mwaka 1972 ilikuwa inauza raha badala ya heshima. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ikatangaza mtindo wa kila mtu kula anapotaka na anapopenda.

Wapo wanaosema adabu ndiyo iliyokufa. Siamini. Anayefika bandarini kwa ndege huhesabiwa kila kilo ya mzigo, na suti ya usiku mmoja au miwili ni mzigo wa bure. Zaidi ya hapo, ukumbi mmoja wenye meza za kudumu haumpi mwenye meli nafasi ya kuuza chakula mara ya pili. Mikahawa kumi ya kulipia humpa. Hesabu iliyoileta suti ndiyo iliyoiondoa. Nakubali kwamba wapo wanaofurahia kuvaa, na wana haki yao. Meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard bado inawaandalia usiku wa aina hiyo, na asiyetaka suti huenda kula mahali pengine ndani ya meli. Lakini hata kwenye meli hiyo, abiria wote wakiwa wamefunga tai za kipepeo zinazofanana, chumba ulichokilipia ndicho kinachoamua utakula kwenye ukumbi mkuu au kwenye mkahawa wa peke yake unaoitwa Queens Grill.