Ufipa na Njia Yake ya Maji

Aghalabu watu huihesabu Ufipa miongoni mwa nchi za ndani kabisa, nchi ya uwanda wa juu, wa baridi na upepo, iliyojitenga na njia kuu za biashara hata barabara ilipoifikia. Na dhana hii, ijapokuwa imezoeleka, haikubaliani na historia. Kwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza kuonekana Sumbawanga, Ufipa ilikuwa na njia kubwa upande wake wa magharibi, njia ambayo hakuna aliyeilima wala kuitengeneza, nayo ni ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia mita 1,470. Taabu ya Mfipa haikuwa kukosa njia, bali ni kuifikia. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa ziwa uko mita 770 na ushei. Na tofauti hiyo ya mita elfu moja hukatwa na genge ambalo mto Kalambo, kwa kukosa subira, huliruka kwa mara moja tu, katika maporomoko ya zaidi ya mita 200, si mbali na Kasanga.

Waingereza walipokabiliwa na mushkili wa namna hii katika nchi yao, tangu karne ya 18, walichimba mifereji na kuijengea vyumba vya milango, vyombo vikawa hupandishwa mlimani kwa kujazwa maji chumba baada ya chumba. Na kwa kuwa vyumba hivyo vilikuwa vyembamba, ikawalazimu waunde mashua nyembamba mno, zenye upana wa mita mbili na kidogo na urefu wa mita ishirini na moja hivi, ambazo familia nzima iliishi ndani yake pamoja na shehena ya makaa, na farasi akizivuta kwa kamba kutoka ukingoni. Ufipa haikupata milango ya aina hiyo. Mlango wake ulikuwa ni miguu ya wapagazi: kila mzigo ulioshushwa pwani ya ziwa, uwe chumvi ya Uvinza au nguo za madukani, ulipanda genge kichwani au begani mwa mtu, na kila kilichotoka juu, ulezi, maharage, na majembe ya chuma yaliyofuliwa na mafundi wa Kifipa waliokuwa mashuhuri kwa tanuu zao ndefu za udongo, kiliteremka vivyo hivyo.

Chombo cha asili cha ziwa hili kilikuwa mtumbwi wa gogo moja, na magogo yaliyo bora yalitoka katika misitu ya ng'ambo ya magharibi. Habari za safari zake tunazo kwa mapana, kwa sababu mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji wakiwa wagonjwa, hawana chombo chao wenyewe, na hivyo wakalazimika kuwategemea mabaharia wa pale. Speke alivuka ziwa mwezi wa Machi kwenda kisiwa cha Kasenge, kumwomba mfanyabiashara Sheikh Hamed bin Sulayim amkodishe jahazi lake, akarudi mikono mitupu; na zaidi ya hayo, mdudu alimwingia sikioni usiku mmoja njiani, akamtesa kwa muda wa miezi. Wageni hawa waliandika kwa hasira kwamba wapiga makafi hawakujali saa, walitua pwani kila walipotaka kula na kuvuta tumbaku, walikataa katakata kukata maji makuu wakaambaa ufukwe rasi hadi rasi, na waliwarushia abiria maji kwa kila pigo la kafi. Mimi nikiyasoma malalamiko hayo huona kwamba mabaharia ndio waliokuwa na akili. Mtumbwi hauna sitaha wala mkuku wa kuushika; dharuba ya ziwa hili huinuka kwa muda mfupi kuliko muda wa kupika ugali; na mtu aambaaye pwani anaweza kuuvuta mtumbwi wake mchangani kabla wimbi halijaujaza. Walikuwa na miiko pia: makombo ya chakula yasitupwe majini, yasije yakamwita mamba, na abiria asiulizeulize maswali chombo kikiwa katikati ya safari. Kule Kabogo, kaskazini mwa mipaka ya Ufipa, palipovuma ngurumo ya mawimbi katika mapango, sadaka ya shanga ilitolewa ndipo watu wakapita.

Kwa upande wa Ufipa yenyewe, pwani ile haikuwa rahisi. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, hivyo atokaye Kasanga kwenda Ujiji hutweka tanga akashukuru, lakini arudiye kusini hana budi kungoja utulivu wa usiku au alfajiri, apige makasia mpaka jua litakapoleta upepo, kisha ajifiche nyuma ya rasi. Wakati wa masika nako hapana pepo za kudumu, ila zipo tufani za ghafla zenye radi. Tena mahali pengi mlima hutumbukia majini wima, hata nanga haipati chini. Ndiyo maana makao ya watu na vyombo yakawa katika hori na nyuma ya visiwa, kama Kirando, Kipili, Kala na Kasanga. Msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, alishuka pwani hiyo kwa mashua mbili mwaka 1874, na Stanley akaizunguka mwaka 1876 kwa mashua yake ya vipande, Lady Alice. Joseph Thomson, yeye alipanda juu mwaka 1880 hata kwa mfalme Kapufi wa Nkansi, kisha akaliona ziwa Rukwa upande wa pili wa uwanda. Ziwa hilo ni la tabia nyingine kabisa, lenye maji ya chumvichumvi na kina kifupi ambacho pondo hukifaa kuliko kafi, na hupungua na kujaa kiasi kwamba bandari ya leo yaweza kuwa malisho ya ng'ombe kesho. Meli haikupata kuwa na kazi huko.

Lakini Tanganyika nalo halikuwa tulivu katika kimo chake, na hapa ndipo historia yake inaponishangaza zaidi kuliko vita vyote vilivyopiganwa juu yake. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, katika ufuko wa Kongo. Cameron alipoufikia aliukuta umezibwa na matete na mchanga. Maji yaliendelea kupanda hata mnamo mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Na Edward Hore, baharia wa misheni ya London, alipofika mwaka 1879, aliliona ziwa likitoka kwa kasi kuelekea mto Kongo. Katika miaka kumi na mitano iliyofuata kimo kilishuka mita kadhaa. Karema, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 kisha wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885, ilijikuta imeachwa nchi kavu, maji yakiwa mbali na ukuta. Mlango mmoja ulifunguka kwa hiari yake, na kila mwenye mashua, kuanzia Uvira hadi Kasanga, akalazimika kutafuta pa kutua upya.

Meli za mvuke zilikuja baada ya hapo, zote zikiwa zimebebwa vipandevipande. Good News ya misheni ya Hore ilishushwa majini mwaka 1885 kusini mwa ziwa. Hedwig von Wissmann ya Wajerumani, iliyopitia Zambezi, Shire na ziwa Nyasa kisha nchi kavu, ikashushwa mwaka 1900. Wajerumani walijenga boma Kasanga wakaliita Bismarckburg, na kwa miaka hiyo Ufipa ilitawaliwa kutoka majini. Vita vya 1914 vilipoanza, ziwa likawa lao, hata Waingereza walipoleta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia milima ya Kongo. Wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig Februari 1916. Mwezi wa Juni Bismarckburg ikaangukia mikononi mwao.

Ilibaki Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku elfu tano na kuunganishwa tena Kigoma, ikaelea Februari 1915. Mwezi wa Julai 1916 wahandisi wake walizipaka mashine grisi kwa uangalifu, wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina ambalo msafiri Livingstone alilisikia kusini mwa ziwa mwaka 1867. Mashine za mvuke zilidumu hata miaka ya 1970, zikaondolewa na mahali pake zikatiwa za dizeli.

Msafiri wa Ufipa aliyeipanda Liemba anajua kwamba taabu ya zamani haikwisha. Meli ilikuwa ikitia nanga mbali, ikipiga honi, na papo hapo mitumbwi na mashua zikiikimbilia kwa makelele. Ambapo hapakuwa na gati, abiria alishuka kwa ngazi akiwa na mtoto mgongoni na kuku mkononi, akitazamia wimbi liiinue mashua ndipo aruke, huku magunia ya dagaa wakavu yakipokezanwa juu ya kichwa chake. Mwenye uzoefu alivaa nguo fupi, alifunga fedha zake katika nailoni, wala hakupatana nauli ya mashua akiwa bado melini, kwa kuwa hapo hakuwa na hoja yoyote ya kujadiliana nayo.

Utawala nao ulipanda mlima, kwanza Namanyere kisha Sumbawanga, na pwani ikabaki nyuma. Maji yalipopanda tena tangu mwaka 2020, magati na nyumba katika fukwe kadhaa za ziwa yakazama, na watu wakahamia juu kidogo. Barabara ya Kasanga imekwisha tiwa lami. Malori huteremka na saruji na nafaka za kwenda Kongo na Burundi, na hurudi yakinuka dagaa mpaka Tunduma.