Ngiri kwa mtoto wa kike: usiingoje ipone yenyewe

Wengi wetu tukisikia ngiri, au mshipa kama tunavyouita, fikra huenda kwa wanaume watu wazima. Lakini hata watoto wachanga huwa nayo. Wavulana ndio wengi zaidi, ila wasichana nao wamo.

Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, huwa na kijia chembamba kutoka tumboni hadi kinenani. Kwa kawaida kijia hicho hujifunga. Kisipojifunga, uvimbe hutokeza kinenani, hasa mtoto anapolia au kujikamua. Waliozaliwa kabla ya miezi kutimia ndio huathirika zaidi.

Kwa msichana, kinachoteremka mara nyingi ni ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi. Ovari iliyokwama huko inaweza kujisokota, ikakosa damu na kufa. Ndiyo maana uvimbe mdogo usiouma nao haufai kupuuzwa.

Tusichanganye mambo. Ngiri ya kitovu kwa watoto wengi hujifunga kabla ya miaka 5. Ya kinena haijifungi. Kuikanda au kuibana kwa kitambaa na sarafu hakuitibu. Dawa yake ni upasuaji.

Siku hizi upasuaji huo unaweza kufanywa kwa matundu madogo. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, kamera nyembamba hupitishwa kitovuni, na mlango wa kijia hufungwa kwa uzi. Kwa msichana kazi ni nyepesi zaidi, kwani hakuna mirija ya mbegu za kiume ya kukwepa. Kamera pia humwonyesha daktari upande wa pili. Ukiwa wazi, anaweza kuufunga papo hapo. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila waliozaliwa njiti huenda wakalazwa usiku mmoja kuangaliwa pumzi.

Si kila hospitali ina vifaa hivyo. Upasuaji wa kawaida, wa mkato mdogo kinenani, nao ni mzuri, kwa hivyo usimcheleweshe mtoto kwa kutafuta kamera.

Uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma au kuwa mwekundu, usiporudi ndani, au mtoto akitapika, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na kwa kuwa uvimbe hujificha mtoto akitulia, upige picha kwa simu ukamwonyeshe daktari. Haya isitufanye tunyamaze. Uzazi wa binti huyo huenda ukategemea hatua unayochukua leo.