Chombo Huchongwa na Njia Yake

Nilikuwa na miaka sita nilipoliona Ziwa Tanganyika usiku kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa anapeleka magunia ya mpunga kutoka Lubarika, gari likatuharibikia kabla ya Kiliba, tukaingia Uvira giza limeshatanda. Upande wa ziwa niliona taa nyingi zimejipanga, nikapiga kelele kwamba nyota zimeshuka majini.

"Hapana, mutoto wangu," baba akasema. "Ile ni Apolo. Iko inavua ndagala."

Apolo ni mashua mbili kubwa zilizounganishwa kwa miti mirefu. Wavu hushushwa chini kati yake, taa huwashwa kuwaita ndagala na mikeke, kisha wavuvi huuvuta wavu juu kwa pamoja. Uvuvi wa mashua pacha ulianza kwenye ncha hii ya ziwa miaka ya 1950. Vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo ndivyo vinavyoitwa Apolo, jina lilelile la vyombo vya Wamarekani vilivyofika mwezini mwaka 1969. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba chombo cha anga kina harufu ya samaki na karabai.

Leo nachora vyombo vya anga kwa hadithi za katuni, na kila Jumamosi vijana huja kwangu kujifunza. Hadithi yetu ina pande mbili zinazogombania sayari moja. Kijana mpya akija, karibu kila mara huleta mchoro wa namna moja: adui kapewa chombo chenye meno na mapembe, shujaa kapewa chombo laini kama yai. Namwuliza swali moja. Chombo hiki kiliundwa wapi, na kilipita njia gani mpaka kikafika vitani? Asipojua, tunaweka penseli chini, namsimulia vita vya ziwa letu.

Mwanzo kulikuwa na mtumbwi. Miti mikubwa ya kuchongea ilipatikana misitu ya Ugoma, pwani ya magharibi, na gogo lilichongwa palepale lilipoangukia kabla ya kuburutwa hadi majini. Upana wa mtumbwi ulikuwa upana wa mti. Ni kwa mitumbwi ya namna hiyo wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walitoka Ujiji wakafika Uvira mwezi wa Aprili 1858. Chombo na njia yake vilikuwa kitu kimoja: mlima, mti, maji.

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, mpaka wa Wajerumani na Wabelgiji ulikuwa mto Ruzizi. Kutoka mashamba yetu ya Lubarika, ng'ambo ile kulikuwa Ujerumani, na huku tulipo kulikuwa Ubelgiji, ingawa watu wa kando zote mbili walikuwa wamezoea kuvuka kwenda kununua chumvi na kuoa. Ziwa nalo liligawanywa hivyohivyo. Yeyote ambaye angekuwa na meli yenye nguvu ndiye angesafirisha askari na chakula apendavyo, na mwenziwe angebaki kutazama kutoka ufukweni.

Wajerumani walikuwa na reli. Njia yao ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Kwa hiyo waliweza kuota chombo kikubwa. Kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, kilikuwa kimeunda meli Graf von Götzen mwaka 1913, kisha kikaifungua yote na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalivuka bahari, yakapanda treni, na huko Kigoma meli ikaunganishwa tena, ribiti kwa ribiti, mpaka ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70. Meli ya namna hiyo ina sura ya wenye reli: ndefu, nzito, isiyo na haraka. Hata mzinga wake mkubwa ulifuata njia hiyo. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Wabelgiji walianza vibaya. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia stima yao, Alexandre Delcommune, ikailemaza. Walikuwa na meli nyingine kubwa, Baron Dhanis, lakini ilikuwa bado vipande, na vipande ikabaki hadi vita vikaisha. Chombo kisichounganishwa nacho kina somo lake: upande usio na utulivu wa kujenga haupati meli kubwa, hata kama vyuma vyote viko mkononi.

Waingereza waliingia, upande wa Wabelgiji, kwa njia ngumu kuliko zote, na ndiyo maana vyombo vyao vilikuwa vidogo kuliko vyote. Walileta boti mbili za kiwanda cha Thornycroft, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, zenye injini za petroli, mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Mkubwa wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa; wakubwa wa London walipokataa, akaziita Mimi na Toutou, kwa lugha ya watoto wa Kifaransa. Kila nikisimulia hapa, vijana huchangamka: boti ya vita inayoitwa Mimi!

Boti hizo ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915. Kutoka Cape Town zilipanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha na milima ya Mitumba ikaanza. Miti ilikatwa, madaraja yakajengwa, boti zikavutwa na matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe. Matrekta yalikuwa na kiu, na nchi ilikuwa kavu. Wanawake wa vijiji vya njiani waliitwa kubeba maji vichwani ili kuyanywesha. Baadaye boti zikapita mto Lualaba, zikapanda treni tena kutoka Kabalo, zikafika ziwani, kwenye Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba.

Fikiria sasa umbo lake. Boti isiyoweza kuvutwa na ng'ombe mlimani haikuwa na nafasi katika vita hivi. Kwa hiyo zilikuwa fupi, nyepesi, zenye mbao nyembamba, na silaha yao ya kweli ilikuwa mbio. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliifukuza meli ya Kijerumani Kingani. Mzinga wa Kingani ulilenga mbele tu, nazo zikaijia kwa nyuma. Mapigano yalikwisha kwa dakika chache, Kingani ikatekwa na kupewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann.

Götzen haikupigana nazo. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeondolewa upelekwe vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Kutoka mbali mti ule ulitisha kama chuma. Wabelgiji nao, waliokuwa wameshindwa majini, walipata chombo kipya: ndege za Short zinazoruka kutoka majini, walizoazimwa na Waingereza. Katikati ya mwaka 1916 ziliidondoshea Kigoma mabomu. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nene, kwa sababu mafundi walioijenga walitumaini kwamba siku moja itaamshwa.

Na iliamshwa. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli iliyojengwa ili ifunguliwe na kufungwa ilikuwa pia meli inayoweza kutengenezwa na fundi wa Kigoma, bamba moja baada ya jingine.

Mimi nimeipanda. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu tulikimbia Lubarika, tukavuka ziwa kwa mtumbwi hadi Tanzania. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia Liemba kuwarudisha Wakongo waliokuwa Kigoma, zaidi ya watu 75,000. Nilikaa sitahani, mgongo wangu umeegemea chuma chenye vichwa vya ribiti, nikavihesabu mpaka usingizi ukanichukua. Mama aliniamsha tulipofika bandari ya Kalundu. Sikujua kwamba nilikuwa nimelala juu ya manowari.

Wanaounda vyombo vya anga vya kweli wanaijua sheria hii, kwamba chombo huchongwa na njia yake. Kioo cha darubini James Webb kina vipande 18 na kilikunjwa kabla ya safari, kwa kuwa kilipaswa kuingia ndani ya kichwa cha roketi Ariane 5. Ni masanduku ya Kigoma hayohayo, yamepelekwa mbali zaidi.

Kwa hiyo vijana wangu huchora njia kwanza. Upande wenye njia iliyonyooka hupata vyombo virefu vya vipande vingi. Upande unaolazimika kupita kwenye mawe hupata vyombo vidogo vyenye mbio, vyenye udhaifu unaojulikana. Mwezi uliopita msichana mmoja aliniletea karatasi yake. Alikuwa amechora chombo kinavutwa juu ya mlima wa sayari nyekundu, na mbele yake safu ndefu ya wanawake, ndoo vichwani. Nikamwuliza majina yao. Akasema hakuna kitabu kilichoyaandika, ndiyo maana amempa kila mmoja uso wake.