Nani Kaudhika Ukumbini?

Usiku mmoja wa Julai 1940, ndani ya Chicago Stadium, Seneta Alben Barkley aliwasomea wajumbe wa chama cha Democratic ujumbe kutoka kwa Rais Franklin Roosevelt. Rais alisema hana hamu ya kuendelea na kazi ile, na kwamba kila mjumbe yuko huru kumpigia kura amtakaye. Wajumbe wakapigwa na butwaa. Kabla hawajajua washangilie au wasikitike, vipaza sauti vikanguruma: "Tunamtaka Roosevelt!" Sauti ikarudia, ikarudia tena. Watu wakainuka vitini, mabango yakapanda juu, maandamano yakaanza kuzunguka ukumbi mzima. Waandishi wa habari walioifuatilia sauti ile waliikuta katika chumba cha chini ya ukumbi, kinywani mwa Thomas Garry, msimamizi wa mabomba ya majitaka ya jiji na mtu wa Meya Edward Kelly. Kazi yake usiku ule ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwa umma.

Roosevelt akapata muhula wa tatu. Nami, tangu nilipokisoma kisa hicho, nimeshindwa kabisa kutazama mkutano mkuu wa chama chochote cha Marekani kwa moyo mweupe. Hotuba kubwa za kule hutolewa usiku. Kwetu Dar es Salaam na Nairobi huwa ni alfajiri, saa kumi na moja, mtu akiwa bado na usingizi na hana subira ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Saa hiyo huwa najiuliza swali moja tu: hotuba hii inamuudhi nani aliyekaa humo ukumbini? Kumtukana mpinzani ambaye hayupo ni kazi rahisi. Nasubiri mtu wa chama kilekile, aliyevaa beji ileile, akunje uso.

Mikutano yenyewe ilizaliwa kutokana na hasira. Mwanzoni wagombea urais walichaguliwa na wabunge wa chama wakikutana faragha mjini Washington, na utaratibu huo ukafa kwa aibu mwaka 1824. Waliokuwa wa kwanza kuitisha mkutano wa taifa wa kumteua mgombea hawakuwa chama kikubwa hata kidogo: ni chama cha kuwapinga Freemason, kilichokutana Baltimore Septemba 1831. (Hofu ya Freemason, kumbe, haikuanzia kwenye vijiwe vyetu.) Wakamteua William Wirt, mwanasheria mashuhuri, ambaye mwenyewe aliwahi kujiunga na Freemason na hakuona ubaya mkubwa ndani yake. Akashinda jimbo moja tu, Vermont. Vyama vikubwa vikaiga utaratibu haraka, vikakutana Baltimore hukohuko.

Kwa miaka mia moja iliyofuata, kwa desturi, mgombea hakuonekana mkutanoni kuupokea uteuzi. Ilikuwa kama posa: bwana harusi anatulia kwao, washenga ndio wanaokwenda kusema. Abraham Lincoln alikuwa kwake Springfield mwaka 1860 wakati watu wake wakijaza majukwaa ya ukumbi wa Wigwam, Chicago, kwa tiketi za kughushi na wapiga kelele wenye mapafu mapana. Na mshenga akisema vizuri mno, mambo huharibika. Mwaka 1880 James Garfield alisimama mbele ya Warepublican kumnadi John Sherman. Roscoe Conkling alikuwa ametangulia, amepanda juu ya meza ya waandishi wa habari, akimnadi Ulysses Grant kwa mbwembwe. Garfield akazungumza kwa utulivu. Kura zikapigwa raundi baada ya raundi, hakuna anayefikisha idadi. Raundi ya 36 wajumbe wakamchagua Garfield mwenyewe. Sherman alituma mshenga, mshenga akaoa.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Julai 1896, tena Chicago. William Jennings Bryan wa Nebraska, umri miaka 36, alizungumza wa mwisho katika mjadala wa sera ya fedha. Wakulima walikuwa wamezama kwenye madeni. Walitaka sarafu ya fedha itengenezwe kwa wingi ili pesa ipatikane. Wenye mabenki wa mashariki walitaka dhahabu peke yake. Bryan hakuwa na kipaza sauti, ila alikuwa na koo lililofika viti vya nyuma kabisa. Alimalizia kwa kuufananisha utawala wa dhahabu na msalaba wa kumsulubishia mwanadamu, akanyoosha mikono yote miwili pembeni na kubaki hivyo kwa sekunde kadhaa. Kimya. Kisha ukumbi ukalipuka, akabebwa mabegani. Kesho yake, raundi ya tano, akawa mgombea urais.

Wanaoisifu hotuba hiyo husahau mambo mawili. Kwanza, ule msalaba wa dhahabu haukumjia pale jukwaani. Alikuwa ameshautumia bungeni kama mwaka mmoja na nusu nyuma, akauweka akiba. Pili, mtazamaji mwenye shaka alikuwepo tangu siku hiyohiyo. Wakili Clarence Darrow alisimulia baadaye kwamba gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, aliyekuwa upande wa Bryan katika suala la fedha, alikaa akaifikiria hotuba ile, kisha akamuuliza: hivi yule bwana alisema nini hasa? Hata hivyo kwa kipimo changu Bryan anapita. Wademocrat wa dhahabu waliudhika kiasi cha kujitenga na kusimamisha mgombea wao. Bryan akashindwa na William McKinley, akashindwa naye tena mwaka 1900, na mwaka 1908 akashindwa na William Howard Taft.

Redio ilipoingia mwaka 1924, ilikuta Wademocrat wakiumbuana New York, Madison Square Garden, kuhusu kama walilaani kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan kwa jina au wasilitaje. Taifa zima lilisikia kura zikipigwa raundi 103, katika mkutano wa zaidi ya wiki mbili za joto, hadi akapatikana John W. Davis, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kumpenda wala kumchukia. Naye akashindwa. Ndipo mwaka 1932 Roosevelt alipovunja mwiko wa bwana harusi: akapanda ndege kutoka Albany, akapigana na upepo mchana kutwa, akatua Chicago kuukubali uteuzi kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu hapo kilele cha mkutano kikawa hotuba ya mgombea. Ndiyo hotuba ninayoisubiri kwa hamu ndogo kuliko zote, maana mgombea hana sababu ya kumuudhi hata mmoja wa waliomteua.

Mtu ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri jambo ninalolisema ni Hubert Humphrey.

Mwaka 1948 alikuwa meya wa Minneapolis, kijana wa miaka 37. Wademocrat walikutana Philadelphia, ukumbi hauna kiyoyozi, taa za televisheni zikiongeza moto. Wakubwa wa chama walitaka ibara ya haki za watu weusi iandikwe kwa maneno laini, ili wajumbe wa kusini wasinune. Humphrey alipanda jukwaani akazungumza kwa chini ya dakika kumi. Aliwaambia wenzake kwamba wanaodai kuharakisha haki za raia ni kuwahi mno wamechelewa miaka 172. Hesabu hiyo inarudi moja kwa moja 1776. Ikapigwa kura: ibara kali ikapita kwa 651½ dhidi ya 582½. Wajumbe wote wa Mississippi na nusu ya wale wa Alabama wakatoka nje, wakaenda kuunda chama chao, kikabeba majimbo manne chini ya Strom Thurmond. Usiku huo Rais Harry Truman alipata nafasi ya kuhutubia karibu saa nane za usiku, baada ya njiwa waliokuwa wamefungiwa ndani ya pambo la maua kufunguliwa na kutapakaa ukumbini, wakiwachafua watu. Novemba Truman akashinda, kinyume na matarajio ya karibu kila mtu. Sijui hotuba nyingine fupi kiasi kile iliyogharimu chama majimbo manne na bado ikawa na haki.

Miaka 16 mbele, Atlantic City, Agosti 1964. Fannie Lou Hamer, mkulima wa pamba kutoka Mississippi, aliketi mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe. Chama cha jimbo lake kilikuwa kimeleta wajumbe weupe watupu. Yeye na wenzake wameleta wajumbe wao, wakidai viti. Bila karatasi, akaeleza alivyofukuzwa shambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura, na alivyopigwa ndani ya jela ya Winona mwaka 1963 hadi mwili ukawa mgumu. Rais Lyndon Johnson aliogopa sana hotuba hiyo, akaita waandishi wa habari ghafla ili kamera zihamie kwake. Zikahamia. Lakini usiku vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wa Hamer, saa ambayo nchi nzima iko nyumbani. Na hata hivyo haikuwa hotuba ya jukwaa kuu. Ilikuwa ya chumba cha kamati. Kinachoudhi kwa dhati mara nyingi hakipewi jukwaa kuu.

Nani alitumwa kumtuliza mama huyu? Hubert Humphrey, ambaye wakati huo alikuwa akiwania kuteuliwa mgombea mwenza wa Johnson. Akaja na pendekezo la viti viwili, bila hata kuwaachia wajichagulie watakaovikalia. Wakakataa. Humphrey akapata umakamu wa rais.

Mwaka 1968 akawa yeye ndiye mgombea, Chicago, bila kushiriki kura ya mchujo hata moja, huku polisi wakiwapiga virungu waandamanaji wa kupinga vita vya Vietnam nje ya hoteli ya Conrad Hilton. Seneta Abraham Ribicoff alipanda kumnadi George McGovern, akasema kwamba McGovern angekuwa rais kusingekuwa na mbinu za Gestapo katika mitaa ya Chicago. Meya Richard Daley alikaa mbele, karibu na jukwaa. Kamera zikamwonyesha akifoka, uso mwekundu, mikono mdomoni. Hana kipaza sauti, na watu wamebishana miaka yote kuhusu neno alilotamka. Ribicoff akamtazama na kumjibu kwamba ukweli ni mgumu kuupokea. Mtu akinitaka nimwonyeshe picha moja ya mkutano wa chama ulio hai, nitamwonyesha hiyo, ingawa chama chenyewe kilitoka pale kikichechemea na kushindwa na Richard Nixon.

Vyama vikajifunza, ila si nilichotaka mimi. Kanuni mpya zikahamishia uteuzi kwenye kura za mchujo majimboni. Hilo ni jema: wajumbe wa vyumba vya moshi wa sigara hawakustahili madaraka waliyokuwa nayo. Lakini mkutano ukabaki bila kazi. Mwaka 1972 Warepublican walipokutana Miami Beach, nakala ya ratiba yao iliangukia mikononi mwa waandishi wa habari, nayo ilikuwa imepanga hadi dakika ambazo wajumbe wangelipuka kwa shangwe ya ghafla. Hakuhitajika tena Garry wa chini ya ukumbi. Sauti yake ilikuwa imechapwa kwenye karatasi. Mara ya mwisho mjumbe kuwa na wasiwasi wa kweli ilikuwa 1976, Gerald Ford alipomshinda Ronald Reagan kwa kura 1,187 dhidi ya 1,070.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mwaka 1980 Jimmy Carter, akimkumbuka marehemu Humphrey, alikosea jina lake na kumchanganya na nahodha wa riwaya, Hornblower. Hata kaburini hawakumwacha. Bill Clinton alizungumza nusu saa na ushei mwaka 1988, shangwe kubwa ikaja alipotamka kwamba anamalizia. Mwaka huohuo George Bush aliahidi kutopandisha kodi, akawaambia wasikilizaji wasome midomo yake. Miaka miwili baadaye kodi ikapanda. Mwaka 1996 mtangazaji Ted Koppel alifunga virago San Diego katikati ya mkutano, akisema hakuna habari pale.

Kisha Boston, 27 Julai 2004. Barack Obama, seneta wa jimbo la Illinois, akasimulia baba aliyekulia Kenya akichunga mbuzi na kusoma shule ya bati. Vituo vikuu vitatu vya Marekani havikuirusha usiku ule, lakini huku kwetu hotuba hiyo imerudiwa mara ngapi! Miaka minne baadaye Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa kwa ushindi wake. Najua nitalaumiwa, lakini nimeitazama tena na tena nikimtafuta mtu aliyekunja uso ukumbini, sikumwona. Alisema Marekani ni moja, haina majimbo mekundu ya Warepublican na ya bluu ya Wademocrat. Ilikuwa hotuba tamu, imesukwa na fundi, na haikumdai mtu yeyote mle ndani chochote. Ukiniuliza kati yake na dakika chini ya kumi za Humphrey, sichelewi kuchagua.

Aliyekaribia kunifurahisha katika miaka ya karibuni ni mtu ambaye simpendi hata kidogo. Cleveland, Julai 2016, Seneta Ted Cruz alipewa jukwaa la Warepublican, akampongeza Donald Trump kwa kuteuliwa, kisha akawaambia watu wapige kura kwa dhamiri zao. Hakusema wampigie Trump. Wajumbe wa New York wakaanza kuzomea, ukumbi ukafuata, mkewe akalazimika kutolewa nje akisindikizwa. Mkutano huohuo ulikuwa umetupa hotuba ya Melania Trump yenye mistari iliyofanana na ya Michelle Obama ya 2008, kwa hiyo kuzomewa kwa Cruz kulikuwa kama maji baridi usoni. Nikakaa wima.

Septemba ya mwaka huohuo Cruz alitangaza kumuunga mkono Trump. Milwaukee, Julai 2024, akapanda tena jukwaani, na maneno yake ya kwanza yalikuwa kumwomba Mungu ambariki Donald Trump. Siku mbili baadaye Trump mwenyewe alizungumza zaidi ya saa moja na nusu. Cruz walimshangilia mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyezomea.