Mto Kabla ya Tajiri: Chimbuko la Crespi d'Adda

Katika maandishi mengi kuhusu Crespi d'Adda, kijiji cha kiwanda cha pamba kaskazini mwa Italia, mhusika mkuu ni tajiri mwenye huruma. Cristoforo Benigno Crespi alianza ujenzi katika miaka ya 1870, kisha mwanawe Silvio akauendeleza: shule, kanisa, nyumba zenye bustani. Mwaka 1995 UNESCO ilikiingiza kijiji hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ninadai kwamba masimulizi hayo yameanzia katikati ya kisa.

Kijiji kimekaa kwenye ncha ya ardhi ambapo mto Brembo unaingia Adda. Ukoo wa Crespi ulitoka Busto Arsizio, mji uliokwisha kuwa na pamba na mafundi wake. Haukuja ukingoni mwa Adda kwa kupenda mandhari. Italia ilikosa makaa ya mawe ya kutosha, ikayaagiza kwa gharama kubwa, hasa kutoka Uingereza. Maji yaendayo kasi yaliweza kuendesha mashine za kusokotea nyuzi, lakini enzi hizo nguvu yake haikusafirishika mbali: aliyeitaka aliifuata ilipo. Ilipokuwa hapakuwa na mji. Kumpa mfanyakazi nyumba, basi, kulikuwa sharti la uzalishaji kabla ya kuwa hisani.

Hata hivyo, mto hauelezi sura ya nyumba zenyewe. Majengo ya kwanza yalikuwa makubwa, ya ghorofa, yenye familia nyingi chini ya paa moja. Silvio aliachana na mtindo huo, akajenga nyumba ndogo, kila moja na bustani na uzio wake. Watetezi wake husema alijali afya na utulivu wa familia, na sina sababu ya kuwapinga. Lakini uzio hutenganisha pia, na waliotenganishwa ni rahisi kuwatia nidhamu. Mwaka 1898 watu wa Milano waliandamana kwa sababu ya bei ya mkate, na askari wa Jenerali Bava Beccaris wakawapiga risasi na mizinga. Mwenye kiwanda yeyote wa Lombardia angeweza kupima hatari ya umati. Na ni vigumu kuona utulivu wa familia peke yake pale ambapo jumba la mwajiri limejengwa kwa umbo la ngome, na kaburi la ukoo wake, kazi ya msanifu Gaetano Moretti, limeinuka juu ya makaburi ya wafanyakazi.

Mwaka huohuo wa 1898, huko Paderno, juu zaidi kwenye Adda, kampuni ya Edison ilizindua kituo kilichopeleka umeme Milano, zaidi ya kilomita 30. Nguvu ya mto sasa ilipita kwenye waya. Akina Crespi nao walijenga kituo chao Trezzo, kilichokamilika mwaka 1906, naye Moretti akakisanifu. Tangu hapo kiwanda kipya hakikulazimika tena kukaa ukingoni. Crespi d'Adda, hata hivyo, kiliendelea kujengwa: katika miaka ya 1920 ziliongezwa nyumba za kifahari za mameneja, zikiwa mbali na zile za vibarua. Hapa ndipo hoja ya huruma na hoja ya nidhamu zinapostahili kushindanishwa, kwa sababu mto haukuwa tena na la kuamua. Shindano hilo halikudumu, maana msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikitoa kiwanda mikononi mwa ukoo.